Siku Tarumbeta ya Mjomba Iliponyamaza

Kila alasiri, Chiriku akishaosha vyombo, humkuta mjomba wake barazani akiisugua tarumbeta mpaka mtu angeweza kunyoa ndevu kwa kujitazama ndani yake. Walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Mjomba hupiga kwanza, kisha humwachia mpwa wake. Sheria ya nyumba ilikuwa fupi: mwenye mafua haigusi, na anayemaliza huosha sehemu ya kupulizia kwa maji ya moto na sabuni.

Juma lile Mjomba alikuwa akinoa wimbo mmoja tu. Mzee aliyemfundisha tarumbeta alikuwa akihamia mbali kwa mwanawe, na hakutarajia kurudi. Jumamosi angeagwa. Aliomba zawadi moja: wimbo wa kwanza aliomfundisha Mjomba.

Alhamisi Chiriku aliamka koo likimkereketa na kamasi zikishindana mbio. Akisema, atanyimwa tarumbeta. Akajifuta kwa mkono wa sweta, akanyamaza.

“Mbona sauti imekuwa ya chura?” Mjomba aliuliza jioni.

“Nilipiga kelele uwanjani, Mjomba.”

“Haya, chura wa uwanjani, shika.”

Chiriku akapuliza mpaka mashavu yakawa maandazi. Wenzake walipomwita, akairudisha bila kuiosha, akakimbia.

Jumamosi asubuhi chafya ya Mjomba ilitikisa mabati. Jogoo wa jirani akawika upya, akidhani kumekucha mara ya pili. Chiriku alicheka. Kisha akamsikia Mjomba akijaribu kupuliza tarumbeta. Ikatoka sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Chiriku akaacha kucheka.

“Kaka, usijitese,” alisema mama yake Chiriku, fundi cherehani, akiweka mkasi chini. “Nenda ukamuage mzee tu.”

“Nimpelekee mzee wa umri ule mafua? Siendi. Na kwenye simu hasikii vizuri.”

Akaifunga tarumbeta kwenye kitambaa chake. Mchana walisikia gari la mzee likipita barabarani. Mjomba hakuinua kichwa.

“Mjomba,” Chiriku alisema, machozi yakimlenga, “mafua hayo ni yangu. Nilidanganya. Na sikuiosha.”

Mjomba sasa aliinua kichwa. “Nami nilimsikia chura, nikajifanya kiziwi.”

Mama hakugomba. Aliwapa maji ya uvuguvugu yenye chumvi wasukutue koo na kuyatema, kisha maji ya moto yenye limau na asali, kila mmoja na kikombe chake. Akafungua madirisha, akawaambia wapumzike.

“Hii haifukuzi mafua,” alisema. “Inatuliza koo wakati mwili unapigana. Homa ikipanda, au mkishindwa kumeza au kupumua vizuri, tunakwenda zahanati. Kohoeni kwenye kiwiko, mnawe mikono kwa sabuni.”

Walipona wote wawili. Jioni moja Mjomba alipiga wimbo ule, mzuri hata jirani mgomvi akasahau alichokuwa anagombania. Lakini aliyeuomba hakuwepo.

“Mafua yamekwisha, mwanangu,” Mama alisema polepole. “Ila siku ile hairudi. Ukiugua, sema mapema. Kunyamaza kwako kunaweza kuwa ugonjwa wa mwenzio.”

Chiriku alichukua tarumbeta, akaenda kuiosha, ingawa siku hiyo hakuwa ameipuliza.