Picha Mbili za Moyo wa Kokugonza

Kila asubuhi mwaka ule wa 1988, kabla ya kwenda shule, Kokugonza alipanda kilima cha Buganguzi na ndoo ya maji kichwani. Zamani alipanda akiimba. Sasa alipumzika mara nne njiani, moyo ukimwenda mbio. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hofu ilimjaa tele, kwani watu wengi kijijini walikuwa wakikonda na kuzikwa, wala hakuna aliyewaeleza watoto jambo lolote.

Bibi yake, Alistidia, alipoamua kumpeleka Bukoba kupigwa picha ya eksirei ya kifua, Penina, rafiki wa Kokugonza, alimpa ushauri kwa uhodari wa mtu asiyejua kitu.

"Ile mashine inaunguza ugonjwa," alisema. "Mjomba alipigwa mara tatu, kikohozi kikaisha. Mara moja haitoshi, shauri yako!"

Hospitalini, mpiga picha, Bwana Kaijage, alimsimamisha kifua kikigusa ubao wa baridi.

"Vuta pumzi, ibane, usitikisike," aliagiza kutoka nyuma ya ukuta.

Kokugonza akavuta pumzi. Lakini mashine ilipolia, aliiachia pumzi kwa nguvu na kuyumba makusudi, ili apigwe tena.

Picha ilitoka na ukungu mtupu.

"Ulibana pumzi?" Bwana Kaijage aliuliza.

"Ndiyo... shikamoo," alijibu, hajui hata anasema nini.

Bwana Kaijage akakuna kichwa. "Basi mashine imedhoofika. Itabidi niongeze mionzi, kwako na kwa wote wanaosubiri."

"Ongeza tu, mwanangu," bibi akadakia. "Hata mimi mgongo unanisumbua."

"Hapana, mama. Mionzi ikizidi inadhuru mwili. Sipendi kuiongeza, ila picha isiyosomeka nayo haina faida."

Kokugonza akazidi kuchanganyikiwa. Kinachoponya kinadhuruje? Penina alikuwa sahihi, au huyu bwana? Alipomwona anashika kitufe cha kuongeza mionzi, aliona aibu. Wale wanaosubiri nje wamekosa nini?

"Nilitikisika makusudi," alisema huku akilia. "Nilitaka nipigwe tena, nipone."

Bwana Kaijage hakumfokea. Alikiacha kitufe kama kilivyokuwa, akampiga picha ya pili kwa kiasi kile kile. Safari hii Kokugonza alitulia tuli, na picha ikatoka safi.

Daktari aliitazama, akausikiliza moyo wake. Ulikuwa umetanuka, akaeleza, kwa sababu ya homa ya viungo aliyougua utotoni. Angechomwa sindano kila mwezi ili homa isirudi, na ndoo angebebewa na wengine.

"Siyo ule ugonjwa wa kukonda?" Kokugonza alinong'ona.

"Siyo ule."

Bibi aliketi chini pale pale, akamshukuru Mungu kwa Kihaya mpaka daktari akacheka.

Walipokuwa wakitoka, Bwana Kaijage alimwita Kokugonza.

"Mashine haitibu, binti. Inaonyesha tu, nami natumia mionzi kidogo inayotosha kuona. Ukinidanganya, sitajua kiasi kinachotosha, na uongo wako utaingia kwenye mwili wa mwingine. Aliyekuwa anakufuata kwenye foleni ni yule pale."

Kokugonza aligeuka kutazama. Alimwona mtoto mgongoni mwa mama yake, hajaota hata jino moja.