Nyonga ya Loisi

Bibi Zipora aliishi karibu na Chamwino pamoja na mwanawe Yotham na mjukuu wake Loisi, msichana wa miaka kumi na minne. Walilima uwele na karanga. Bibi alikuwa mganga wa mifupa. Mikono mingi iliyovunjika kijijini aliifunga yeye, ikapona.

Mwaka 1994, wakati wa mavuno, Loisi alianguka kutoka juu ya mkokoteni. Hakuweza kuinuka. Bibi alimkanda nyonga kwa maji ya moto, akamfunga vijiti. Alisema baada ya miezi miwili angetembea.

Miezi sita ilipita. Loisi alitembea kwa gongo huku akiuma meno. Mguu wa kushoto ulikuwa umefupika. Wenzake wa darasa la saba walifanya mtihani bila yeye.

Ndipo Yotham akamwita Penina, muuguzi wa zahanati. Penina alimlaza Loisi, akaipima miguu yake.

"Bibi, mkono hufungwa ukaunga," alisema. "Lakini shingo ya mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye nyonga, imejificha ndani, na damu inayoilisha ni kidogo. Kila akikanyaga, pale palipovunjika panaachana. Anahitaji upasuaji."

Huko hospitali, daktari aliwaonyesha picha ya mfupa uliovunjika. Alieleza kwamba angeukata mfupa chini kidogo ya ufa, aubadilishe mwelekeo, kisha aushike kwa chuma na skrubu. Hapo uzito wa mwili ungeubana ufa badala ya kuuachanisha. Hakuwaficha kwamba mguu ungeweza kubaki mfupi.

"Je, kama ningemleta siku ile ile alipoanguka?" Bibi aliuliza.

"Ingekuwa rahisi zaidi, mama."

Bibi alijifunika uso kwa khanga.

Mfupa uliunga baada ya miezi mitano. Maumivu yakaisha, gongo likaachwa. Lakini Loisi alichechemea, na shule ilikuwa imempita. Bibi hakuweza kumtazama akitembea.

Siku moja, wakibangua karanga, Loisi alimwambia, "Bibi, ulinitibu kwa ulichokijua."

"Ndicho kinachoniuma," Bibi alijibu.

Mwaka uliofuata, Elieth, binti wa jirani, aliangushwa na punda. Ndugu zake walimbeba hadi kwa Bibi. Paja lilikuwa limegeukia nje. Walimsihi amkande.

"Ingekuwa mkono, ningefunga," Bibi alisema. "Nyonga siigusi. Msimsimamishe. Mlazeni kitandani, mumbebe hivyo hivyo, leo hii."

Wakasitasita. Bibi akachukua fimbo yake, akatangulia njia ya zahanati. Nao wakainua kitanda, wakamfuata.