Mwanamume Aliyemkimbia Mama

Jumamosi ile studio ya picha iliyo mkabala na soko kuu la Shinyanga ilifurika watu mpaka nje. Wengine picha za vyeti, wengine za bima, na katikati yao Agnetha ameketi kwenye kigoda mbele ya kitambaa cha buluu, gauni lake la kitenge cha njano limemkaa sawasawa, akisubiri kupigwa picha ya pasipoti.

"Dada, usicheke," mpiga picha akamwambia.

"Mimi sicheki. Mwambie huyo hapo nyuma yako aache kunichekesha."

Huyo wa nyuma alikuwa pande la mtu, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likakubali, viganja vimejaa makovu ya ufundi. Ameshika tai mkononi, anaikodolea macho.

"Nimekuchekesha nini mimi?"

"Hiyo tai. Unaifunga au unaichinja?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Agnetha naye, kwa ujeuri wake wa sokoni, akashuka kigodani, akaichukua ile tai na kumfunga mwenyewe. Ilibidi asimame kwa ncha za vidole. Shingo ya mtu yule ilinukia sabuni na, kwa mbali, grisi.

"Picha ya pasipoti haitaki tai, kaka."

"Shangazi kasema siendi Uturuki nikiwa kama mhuni."

Mkono wa Agnetha ukasimama. "Uturuki? Isije ikawa na wewe uko kwenye ile Safari ya Familia ya Daraja la Dhahabu?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Mimi na shangazi yangu Generosa. Wewe?"

"Mimi na mama."

"Basi huyu Mungu ana mambo," alisema yule bwana, akatabasamu. Jina lake Maduhu, mzaliwa wa Samuye, fundi wa makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu kule Katoro.

Jioni simu ya Agnetha ikalia.

"Dada, nina wewe wanne hapa mkononi."

"Unasemaje?"

"Mpiga picha kachanganya bahasha, na namba yako imeandikwa juu. Picha zako nne ninazo mimi. Tatu nitakurudishia."

"Na ya nne?"

"Ya nne imepotea. Nimeipotezea kwenye pochi yangu."

Ndivyo walivyoanza. Kwa miezi miwili simu haikupoa, na kila Jumamosi Maduhu alitoka Katoro kuja Geita mjini, wakala samaki, wakacheka. Lakini msidhani Agnetha alijitupa. Agnetha alikuwa mnunuzi wa dhahabu pale sokoni Geita, na kazi hiyo haimlei mtu mwepesi wa kuamini. Kila punje lazima aisugue kwenye jiwe, aidondoshee asidi, aitazame mara mbili. Tena alishawahi kuvishwa pete na mtu wa Kahama, akaja kugundua jamaa ana wake wawili na watoto saba. Tangu hapo, akimwona mwanamume anang'aa, alijiambia kwamba shaba nayo hung'aa.

Safari ile alikuwa amemlipia mama yake, Mama Agnetha, mwanamke aliyemlea peke yake kwa kuuza dengu pale Kambarage, Shinyanga. Mama alikuwa na hamu moja tu maishani, aione ile Nyumba ya Bikira Maria iliyo mlimani huko Uturuki, aliyosimuliwa na masista tangu akiwa msichana. Kijitabu cha kampuni kilisema itakuwa siku ya tano. Kilisema pia hoteli ya nyota tano na mwongozaji wa kila familia.

Mambo yalianza kuharibika kabla hata ya kupanda ndege. Uwanjani Mwanza, Agnetha alimshika mama yake mkono.

"Mama, huyu ndiye Maduhu niliyekwambia."

Maduhu alirudi nyuma hatua mbili, akakumbatia begi kifuani, macho chini. "Shikamoo mama," akaiambia sakafu.

"Marahaba baba," mama akajibu, naye uso kaugeuzia upande mwingine.

Kabla Agnetha hajafungua kinywa, Maduhu kashapotelea vyooni. Agnetha akabaki na aibu yake. Kumbe hawapendani hawa! Wamejuana wapi?

Istanbul ndiyo usiseme. Nyota tano zilikuwa mlangoni, zimechorwa kwa rangi. Maji ya moto yalitoka asubuhi moja katika tatu. Mwongozaji wa kila familia akawa ni mmoja kwa familia zote, kijana wa Kitanzania aliyeitwa Adam, anatembea mbele na kibendera chekundu, watu ishirini na wawili nyuma yake wanamkimbiza na vikongwe wao. Daraja la Dhahabu! Agnetha aliuma meno. Yeye mpimaji wa dhahabu, kauziwa bati mchana kweupe.

Lakini yote hayo angeyavumilia. Lililomkosesha raha lilikuwa Maduhu. Siku ya pili lifti ilifunguka, Maduhu yumo ndani. Kumwona mama tu, akaruka nje kana kwamba lifti imeshika moto.

"Unakwenda wapi?"

"Ngazi! Ngazi ni mazoezi!"

Ghorofa sita hizo. Kwenye basi alipandia mlango wa nyuma. Chakulani alibeba sahani yake akaenda kukaa kona ya mwisho, kaupa ukumbi mgongo, kisha akapiga simu kutoka huko huko.

"Umependeza leo, mpenzi. Hicho kilemba kimekutoa."

"Njoo uniambie hapa mezani."

"Hapo siwezi, na wewe unajua."

"Najua nini?"

"Agnetha bwana, acha utani wako."

Simu ikakatika. Agnetha akaiweka mezani taratibu, chai ikamshinda. Anajua nini yeye? Mtu anayekwepa kuonekana na familia ya mwanamke ana sababu, na sababu za namna hiyo alishazisoma kwa yule wa Kahama. Mke yupo, aliwaza. Labda mama anamfahamu huyo mke. Meza ya pili Shangazi Generosa na mama wananong'ona kwa Kisukuma cha ndani, wanacheka mpaka wanafuta machozi, na Agnetha, ambaye Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu, akaona anachekwa yeye.

Siku ya nne walihamishiwa hoteli nyingine, katika mji ulio karibu na ule mlima, na siku ya tano ikafika. Mama aliamka mapema, akavaa kitenge chake cha jubilei chenye sura ya Mama Maria, rozari mkononi. Basi likaja kuondoka saa nane mchana, likasimama mbele ya duka la makoti ya ngozi.

"Ndugu wateja," Adam akasema bila kumtazama mtu machoni, "kampuni imeomba tupitie hapa dakika ishirini."

Dakika ishirini zikawa saa tatu nzima. Makoti ya baridi, kwa watu wa Shinyanga! Walipofika kule mlimani, geti limeshafungwa. Mama alishuka, akasimama mbele ya lile geti, akabusu msalaba wa rozari yake.

"Basi," alisema kwa sauti ndogo. "Ameniona nimefika."

Agnetha alilia kwa hasira. Watu wote walimzunguka Adam wakimfokea, isipokuwa mmoja. Maduhu alingoja watulie, akamvuta Adam nyuma ya basi, wakanong'ona. Agnetha aliwaona. Alimwona Maduhu akimtia kitu mkononi, Adam akaitikia kwa kichwa. Lo! Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Kesho yake, siku ya kurudi, kulipopambazuka Agnetha alichungulia dirishani akamwona Maduhu anapanda pikapu iliyobeba machungwa, dereva na yeye tu. Alirudi saa nne, suruali imejaa vumbi, mfuko wa karatasi mkononi. Agnetha alikuwa anamngoja kwenye ngazi.

"Unatoka wapi?"

"Nilitoka kidogo. Rafiki yake Adam kanipa lifti."

"Kufanya nini?"

"Jambo dogo tu, mpenzi."

"Nipe huo mfuko nione."

Maduhu akauficha nyuma. "Huu si wako, Agnetha."

"Si wangu. Wa mkeo?"

"Mke gani?"

"Na wale wenye duka la ngozi walikupa mgao wako, au bado? Wewe na Adam ni kitu kimoja. Mmemfunga mama yangu nje ya geti, halafu unamkimbia kwa sababu unaogopa kumtazama usoni!"

Maduhu alifungua kinywa. Alitaka kusema, akaona mama anatokea kwenye korido na sanduku lake, akageuka, akapanda ngazi mbio.

"Kimbia!" Agnetha akampigia kelele. "Na usinipigie tena maishani!"

Akamfungia namba. Kwenye uwanja wa ndege, Adam alimkabidhi mama mfuko: "Mama, nimeagizwa nikupe hii." Agnetha hakuuliza. Alijua ni kampuni inajikosha.

Wiki tatu zikapita. Pale sokoni Geita wenye dhahabu walimlalamikia kwamba siku hizi anasugua punje mpaka anaimaliza. Jumapili moja akaenda Kambarage kumsalimia mama. Alimkuta amevaa kanga mpya, anafagia ua, uso unameremeta.

"Mwanangu, wale wageni wa Samuye wanakuja lini? Nataka nijue kama ni mbuzi au kuku."

"Wageni gani?"

"Wa mkwe wangu."

"Mkwe gani, mama? Yule Maduhu? Mama, yule mtu alikuwa anakukimbia!"

Mama akasimamisha ufagio. "Kwani ulitaka anikumbatie?"

"Mama..."

"Mkwe gani anapanda kisanduku cha chuma na mama mkwe wake, wamebanana kama dagaa? Mkwe gani anatafuna mbele yangu? Siku ile Mwanza alipoitazama sakafu, nilimshukuru Mungu. Nikajua huyu amekuja kuoa. Yule wa Kahama alinipa mkono, akakaa kwenye kochi langu, akala ugali mezani kwangu. Nikanyamaza, lakini nilijua."

Agnetha alikaa kwenye ngazi ya baraza. "Kwa nini hukuniambia?"

"Mkwe hatajwi kabla hajatuma watu. Halafu nilidhani unajua."

"Nimekulia bwenini mimi, mama. Nani aliniambia?"

Mama akauegemeza ufagio ukutani. Akaja kukaa karibu naye. "Hapo kosa ni langu. Nilihangaika kukulipia shule, nikasahau kukufundisha ya nyumbani." Kisha akaonyesha dirishani, penye sanamu ya Mama Maria na chupa ndogo ya maji kando yake. "Na ile unadhani nani aliileta?"

"Kampuni."

"Kampuni iliyonipeleka kwenye makoti? Maji ya chemchemi ya kule mlimani yale. Adam alinieleza. Mkwe wangu alimpa hela amtafutie usafiri, ikapatikana pikapu yenye nafasi ya mtu mmoja, akaenda, akapanda mlima, akachota. Angenipa mwenyewe? Haiwezekani. Kwa hiyo akapitisha kwa mtu. Wabeja, asante sana, nilimwambia Adam amfikishie."

Agnetha akalia, akajiita mjinga mara tatu. Lakini mtu na kazi yake. Alipomaliza kulia, kile kidudu cha sokoni kikamnong'oneza: na kama anaigiza? Wajanja nao wanazijua mila. Akaifungua ile namba, akapiga.

"Haloo."

"Ni mimi."

"Nilidhani nimeshazikwa mie."

"Njoo Kambarage Jumamosi saa kumi. Mama anataka unywe naye chai. Mezani."

"Naye? Mezani?" Alikohoa. "Nitakuja, Agnetha."

Jumamosi ilipofika, Agnetha alitandika meza sebuleni, vikombe viwili vinatazamana, akamkalisha mama kiti kimojawapo.

"Mwanangu, unampima mkwe wangu kama punje ya dhahabu?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe. Nimeshaumwa na shaba."

Mama akacheka, akaugeuzia uso ukutani.

Maduhu alikuja na Shangazi Generosa, shati lile lile jeupe, tai imekaa upande. Shangazi akapita ndani kwa vigelegele. Maduhu akafika kizingitini, akaona upindo wa kanga ya mama chini ya meza, akageuza mgongo pale pale, akaketi barazani.

"Karibu ndani," Agnetha akasema.

"Hapa panatosha."

"Maduhu, nisikilize." Jambo lenyewe halikuwa mchezo tena. "Ukiingia ukakaa pale mezani, yote yamekwisha, mimi ni wako. Usipoingia, rudi Katoro leo hii."

Aliona mabega yake yakishuka. Maduhu alijishika kichwa. Kisha akasimama, bado mgongo kaupa mlango.

"Nakupenda, Agnetha. Mungu anajua, wiki tatu hizi sijui nimetengeneza karasha gani na limesaga nini. Lakini siwezi kukuoa kwa kumvunjia heshima mama yako. Acha nirudi Katoro."

Akaanza kushuka ngazi.

Agnetha alitoka mbio, pekupeku, akamshika mkono kabla hajafika getini.

"Ungeingia," alisema huku machozi yanamtoka, "ningekufukuza."

Maduhu alimtazama, hakuelewa. Halafu akaelewa. "Yaani ulinipima?"

"Nilikupima. Na kule Uturuki nilikutukana bure. Nisamehe, sikujua. Kweli sikujua."

"Wewe mwanamke utaniua. Mimi nilidhani unajua kila kitu, unanitania."

"Ulipaswa kuniambia."

"Nikwambie namheshimu mama yako? Hilo nalo linasemwa?"

Agnetha akajifuta macho, akamvuta ile tai, akaifungua, akaanza kuifunga upya, amesimama kwa ncha za vidole. "Picha yangu ya nne iko wapi?"

"Imepotea," Maduhu alijibu, akagusa mfuko wa pochi yake. "Nimekuja na shangazi ili aniombee mwenye picha mwenyewe."

Ndani Shangazi Generosa alikuwa ameshaanza kuzungumza Kisukuma kirefu, cha mpangilio, na mara hii Agnetha hakuhitaji kutafsiriwa. Akaenda kuchukua kikombe kimoja mezani, akakileta barazani, wakakaa ngazi moja, mgongo kwa mlango.

Kutoka sebuleni sauti ya mama ikasikika, inauambia ukuta:

"Shangazi, mwambie mkwe wangu sukari imekaa chini. Akoroge."

Agnetha akachukua kijiko, akamkorogea.