Nani Anakula Umeme wa Munigi?

Mashine ya kusaga ya Dancille iliamka kabla ya majirani. Hapa Munigi, kando ya Goma, ukisikia mngurumo wake, ujue uji wa watoto uko njiani. Wanawake walileta mahindi yaliyotoka mji wa Kiwanja kwenye mabeseni, wakapanga mstari, wakataniana. Mashine hiyo ndiyo iliyowalisha watoto wa Dancille na kuwapeleka shule.

Kisha umeme ukaanza kuchoka. Kila adhuhuri taa zilififia zikawa nyekundu. Mashine ilizunguka kwa uvivu, halafu ikazimika katikati ya beseni la mtu.

Siku moja jirani yake Léocadie, mshonaji, alikuja na kundi la watu. Pasi yake ilikuwa baridi, lakini ulimi wake ulikuwa wa moto.

"Mama Dancille, ni moulin yako inakula courant yote. Uifunge!"

Dancille alikasirika sana. Akazima mashine mbele yao.

"Nimefunga. Sasa muangalie ma-ampoule yenu. Kama zinawaka muzuri, nitauza hii moulin. Kama haziwake, mutaniomba pardon hapa hapa."

Wote wakatazama taa ya dukani kwa Léocadie. Ilibaki nyekundu vilevile. Mtu mmoja akakohoa. Hakuna aliyeomba radhi.

Aliyecheka ni Mukabalisa, fundi umeme wa nyumba ya pili. Alionyesha jengo jeupe lisilo na madirisha, mwisho wa barabara.

"Munajua kazi ya ile nyumba?"

"Inachunga mambo ya simu," Léocadie akajibu. "Ma-photo, ma-message. Lakini ile yote inakaa mu hewa tu."

"Hakuna kitu inakaa mu hewa, mama. Inakaa mu mashine za kompyuta, mule ndani. Zinatumika usiku na muchana, zinatoa joto mingi. Basi wanaweka climatiseur za kuzipoza, na zile pia zinakula courant. Jua ikiwa kali, zinakula zaidi. Line yetu ni ndogo, haitoshe wote."

"Basi waifunge!"

"Na ma-photo yenu mutaweka wapi? Hapana. Wajitafutie courant yao. Jua iko, na baridi ya Goma ni ya bure."

Dancille hakungoja zaidi. Alishika njia, unga ukiwa bado mikononi, na wengine wakamfuata. Msimamizi wa jengo, Bwana Ézéchiel, aliwapokea getini kwa tabasamu, akasikiliza malalamiko yao.

"Mama, pole. Tutakupatia groupe ya mazout. Ni cadeau."

"Nakatala," Dancille akasema, akiikataa zawadi hiyo ya jenereta ya dizeli. "Groupe ya miye peke yangu? Na Léocadie atapiga pasi na nini? Na ule moshi utaingia mu kifua ya watoto wa nani? Hatukukuya kuomba cadeau. Tunataka courant yetu."

Léocadie alimtazama, kisha akatazama chini kwa aibu.

"Na kama haiwezekani?" Ézéchiel akauliza.

"Tutakaa hapa. Na kesho tena."

Walikaa kweli. Kesho yake walirudi na mabeseni ya mahindi yasiyosagwa, wakayapanga getini hata gari likakosa pa kupita. Mwishowe Ézéchiel alimwita Mukabalisa ndani, akamuuliza kifanyike nini.

Paa tupu la jengo lilifunikwa kwa paneli za jua, na betri zikawekwa za kutunza umeme. Mashine nyingi za baridi zikazimwa. Ukuta ulitobolewa, feni zikavuta hewa baridi kupitia vichujio vya kuzuia vumbi la volkano, na joto likasukumwa nje. Kazi nzito za kompyuta, zile zinazoweza kungoja, zikahamishiwa usiku, watu wakiwa wamelala.

Taa za Munigi zikarudi kuwa nyeupe. Léocadie alikuja na beseni lake.

"Pardon, Mama Dancille."

"Nimesikia. Sasa panga mustari kama wengine."

Mstari mzima ukacheka, na Léocadie akacheka pia.

Adhuhuri moja taa zilififia tena. Dancille hakumuuliza mtu. Alizima mashine, akashika njia. Mlinzi wa geti alipomwona anakuja, unga hadi kwenye nyusi, hakungoja hata salamu. Aligeuka, akaita ndani kwa sauti:

"Muzime ile climatiseur! Mama ya moulin amekuya!"