Regent ya Saba

Mlango wa chuma ulifungwa nyuma yake. Paa!

Annegret Zaiser, jasusi wa kitengo cha kulinda siri za viwanda, aligeuka. Kachelewa. Aliusukuma mpini. Haukutikisika, kwa nje ulikuwa umepachikwa spana. Akabonyeza kitufe cha dharura. Waya ulishakatwa.

Kipimajoto cha chumba cha majaribio: thelathini chini ya sifuri.

Nyuma ya kioo kinene alisimama Ottmar Pfleiderer, mhandisi aliyetumikia kiwanda cha magari cha Kressmann miaka thelathini na mmoja, mtu ambaye Annegret alimfuatilia wiki sita. Mkono mmoja ulishika bastola, Walther aliyomchomoa Annegret kiunoni alipoinama kukagua gari. Wa pili ulishika kompyuta kuu ya Regent, gari jipya la kizazi cha saba.

Miaka mitano ya kazi ilikuwa ndani ya kisanduku kile. Kikivuka mpaka, wageni watalitoa gari hilo kabla ya Kressmann, na watu elfu tisa wa bonde hili watakosa kazi.

"Usijichoshe, Bi Zaiser," spika ilikwaruza. "Saa tatu kamili. Wote wako kwenye mkate na soseji. Hata bomu haliwanyanyui."

"Fungua, mzee! Utaniua!"

"Dakika kumi na tano tu. Rukaruka, utapata joto."

Akaiweka bastola mezani. Akachukua kalamu, akajaza karatasi iliyoning'inia mlangoni, akatia sahihi.

Akaenda zake.

Annegret alinyakua redio yake. "Kituo, hapa Zaiser! Kituo!"

Mikwaruzo tu. Kuta zilimeza kila neno. Simu yake ilibaki getini, kama za wote.

Alijitupa ndani ya Regent, akabonyeza kuwasha. Kimya. Gari lisilo na kompyuta ni jeneza lenye viti vya ngozi.

Akarudi kwenye kioo. Akapiga ngumi mpaka vidole vikafa ganzi. Machozi yaliganda kwenye kope. Hakuna mbinu hata moja aliyofundishwa iliyofaa kitu.

Saa tatu na robo, wala si sekunde kabla, fundi Traugott Raible aliingia akijifuta haradali mdomoni.

Akamwona.

Akainua kidole: subiri. Kanuni inataka karatasi isomwe kwanza, ndipo mlango ufunguliwe.

Alisoma taratibu. Uso ukambadilika. Akaing'oa spana.

"Mungu wangu, Bi Zaiser! Nani kamruhusu Pfleiderer kupeleka kompyuta Kehl?"

"Kehl?"

"Kaandika mwenyewe. Sehemu iliyotolewa: kompyuta kuu. Inakokwenda: Kehl, daraja la mpakani. Na sahihi."

"Nishikie redio. Siwezi kubonyeza."

Raible alibonyeza.

"Kituo. Pfleiderer, Audi ya kijivu. Daraja la Kehl. Mzuieni."

"Umesikika."

Saa nzima alikaa ndani ya blanketi, hana la kufanya.

Kisha: "Zaiser, tumempata. Mita mia mbili kabla ya Ufaransa. Kisanduku kizima. Anataka kusema nawe."

"Bi Zaiser," ikaja sauti ya Pfleiderer, "mmejuaje?"

"Uliandika kwenye karatasi, mzee."



"Sasa ningetoaje sehemu bila kuandika?"

"Ungeitoa tu."

"Bila karatasi?" Sauti ilijaa mshtuko wa kweli.

Annegret alimwashiria Raible azime. Akaisukumia Walther mfukoni kwa viganja viwili, akatoka bila kuaga, hatua zake zikiwa tulivu mpaka kwenye maegesho.

Akafika kwenye gari lake. Akasimama, vidole bado vimekufa ganzi, mikono ikining'inia, akisubiri mtu apite amfungulie mlango.