Kikanyagio cha Mzee Rachidi

Rafiki yangu Sumaya, mfumaji wa hapa Rumonge, si mtu wa kuzua mambo. Yaliyompata ni haya.

Mwalimu wake, Mzee Rachidi, alivuka ziwa kutoka Kalemie akiwa kijana, akabuni mwenyewe mitambo yake ya kufumia. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi, kwa hiyo kikanyagio cha kushoto alikiweka juu kuliko cha kulia. Hakutupa kitu, hata msumari uliopinda aliugonga mpaka ukanyooka.

Alipofariki aliacha kwenye mtambo wake, nyumbani kwake, nusu ya kitambaa cha harusi ya binti yake, Ruqaya. Sumaya aliahidi kukimaliza kabla ya Ijumaa, lakini nyuzi zilimkatikia tu tangu asubuhi.

"Mtambo gani huu wa kutesa watu!" alifoka. Kwa hasira akapigilia kibao juu ya kikanyagio cha kulia, kwa misumari miwili, ili vilingane. Nyuzi zikakatika tena.

Akaenda kuchukua uzi mwingine katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Akiwa anapapasa gizani, akasikia mtambo ukifuma: kishindo kizito, kisha chepesi. Kizito, kisha chepesi.

"Ruqaya! Acha mchezo, utanikatia uzi!"

"Miye niko inje, dada!" Ruqaya akajibu kutoka uani. "Napara samaki ya mukeke!"

Mtambo ukanyamaza.

Sumaya akarudi mbio. Kitambaa kilikuwa kimeongezeka shubiri nzima. Kibao kilikuwa kimeng'olewa na kuwekwa kwenye kiti. Juu yake ililala misumari miwili, imenyooshwa, na alipoigusa ilikuwa bado na joto.