Sauti ya Hamadi

Asma alikuwa akikunja vikwembe, vitenge vipya vya bibi-arusi, huku akiimba. Mwanawe Hamadi, mfanyabiashara wa Salamabila, angemuoa Djamila hapa Kasongo. Valizi, sanduku la zawadi za bibi-arusi, ilikuwa imejaa pomoni.

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti, kutoka namba mpya.

"Mama, ni mie Hamadi. Simu yangu imekufa. Arusi tutaifanyia huku. Motari anakuja, mupe valizi."

Kwao sauti ilitosha: ukimsikia mtu wako, unatoa mzigo. Asma akaburuta valizi hadi uani. Pikipiki ya motari ilishaanza kunguruma njiani.

Jirani yake Olga, mwalimu wa kompyuta, alikuwa akianua nguo.

"Mama Hamadi, unahama?"

"Mutoto ameita! Sikia mwenyewe."

Olga akasikiliza, akakunja uso. "Mama, ngojea. Siku hizi kompyuta inaiga sauti ya mtu. Inasikia maneno yake machache tu, kisha inasema lolote mwizi analotaka."

"Sauti ya mwanangu nisiijue? Ulimzaa wewe?"

"Mama, hata mie ningedanganyika. Ule wimbo aliouimba akautuma kwenye kikundi cha arusi simuni, nani hana? Muulize jambo ambalo halijapita kwenye simu. Kisha piga namba yake ya zamani."

Asma akaiuliza namba mpya: "Bibi yako alikuita nani ukililia uji?"

Jibu likaja upesi, kwa sauti ileile tamu. "Mama, acha mchezo! Motari iko anangoja."

Jina hakulitaja! Asma akapiga namba ya zamani, akauliza kama arusi imehamia Salamabila.

"Mama!" Hamadi akaitika. "Salamabila? Nani kasema? Arusi iko Kasongo!"

"Bibi alikuita nani?"

Hamadi akacheka, akalitaja jina polepole. Asma akakaa juu ya valizi kwa uzito wake wote.

"Motari, valizi haitoki!"

"Mie nimetumwa tu, Mama," motari akasema, akageuza pikipiki.

Jioni ile Asma aliwapitia ndugu nyumba kwa nyumba. "Sauti peke yake isiwafanye mutoe mzigo. Kila nyumba iwe na swali lake, na jibu likae moyoni."

Siku ya arusi, Hamadi alifika mlangoni kwa bibi-arusi. Mashangazi wakamzuia, kama desturi. Asma akajitokeza mbele yao.

"Bibi alikuita nani?"

"Mama, mbele ya watu wote hawa?"

Akainama, akamnong'oneza sikioni.

"Atuambie na sisi!" mashangazi wakapiga kelele.

"Hata!" Asma akacheka. "Ni yeye. Mufungulieni!"

Vigelegele vikapasua hewa.